Ulimi wa Usukani: Uchambuzi juu ya Kuirudisha Hisi ya Mkono katika Gari la Spoti la Zamani

Neno usukani halikuzaliwa barabarani. Lilitoka kwa Waarabu likafika pwani yetu pamoja na vyombo vya tanga, na kabla ya motokaa ya kwanza kushushwa bandarini lilikuwa jina la ule ubao wa nyuma ya chombo unaogeuzwa kwa mti uitwao kana. Na mshika usukani, aliyekesha tezini katika saa ambazo jicho halikuona ila weusi wa maji, aliijua hali ya safari kwa kiganja chake kabla ya kuijua kwa kitu kingine chochote, kwa maana kana ilipomlemea alifahamu kwamba chombo kinataka kwenda joshi, na ilipolegea ghafla mkononi alifahamu kwamba mwendo umekatika na maji hayamtii tena. Neno hilo lilipohama baharini na kuingia katika motokaa lilihama na dhima zake mbili, dhima ya kuamuru na dhima ya kuarifu. Wengi wetu tumeikumbuka ya kwanza tukaisahau ya pili, na uchambuzi huu ni jitihada ya kuirejesha ya pili mahali pake.

Swali lenyewe ni hili. Mtu amepata gari la spoti lililoundwa miaka hamsini iliyopita, gari ambalo katika ujana wake lilisifiwa kwa usukani wenye uhai, naye alipolitia barabarani akaukuta usukani huo mzito mahali pa kuegesha, mlegevu katika njia nyoofu, na bubu katika kona. Je, afanye nini ili hisi ile irudi, aanze wapi, na katika mengi yauzwayo madukani ni yapi yatakayomfaa na yapi yatakayomdhuru? Majibu ya haraka ni mengi, na karibu yote yana sura moja: ongeza kitu. Ongeza upana wa matairi, ongeza ugumu wa bushi, ongeza mwinamo wa mhimili, weka usukani wa duara dogo ili mkono usikie uzito zaidi. Hoja yangu inakwenda njia nyingine. Hisi ya usukani ni habari itokayo ardhini, na habari haiwi kweli zaidi kwa kupaziwa sauti. Huwa kweli zaidi kwa kuondolewa vinavyoizuia njiani. Uzito si habari, wala mtikisiko si habari, na mwenye kuvichanganya vitu hivyo vitatu atatumia fedha nyingi kulifanya gari lake lipige kelele bila ya kusema neno.

Ili maneno yasielee hewani nimechagua gari moja liwe mfano, nalo ni Datsun 240Z, lililozinduliwa Japani mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z na kuuzwa nchi za nje kwa jina hilo la 240Z hadi mwaka 1973. Nimelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni umbile lake: injini ya silinda sita zilizosimama safu moja, yenye ujazo wa lita 2.4, uzito wa tani moja na ziada kidogo, magurudumu ya inchi 14 yaliyovaa matairi yenye upana wa milimita 175, na usukani wa raki na pinioni usiosaidiwa na mashine yoyote, hata ikawa baina ya tairi na mkono wa dereva hapana kitu ila chuma, grisi na vipande vichache vya mpira. Ya pili ni nasaba yake na nchi zetu. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo tena mwaka 1973, katika mashindano ambayo kwa miaka ile yalifanywa wakati wa Pasaka, masika yanapougeuza udongo mwekundu kuwa utelezi. Dereva aliyeingia katika tope la namna hiyo kwa kasi hakuweza kutambua kwa macho tofauti iliyopo baina ya tope lenye ardhi ngumu chini yake na tope lisilo na kitu. Aliitambua kwa mikono, au hakuitambua kabisa.

Basi habari hiyo huzaliwa wapi? Huzaliwa katika kile kiraka cha mpira, kisichozidi sana ukubwa wa kiganja, kinachogusana na barabara. Gurudumu la mbele likigeuzwa, mpira wa tairi haulifuati papo hapo, bali hupindika, na nguvu ya kulisukuma gari upande hukusanyika zaidi nyuma ya kitovu cha kiraka kuliko mbele yake, kwa hiyo tairi lenyewe hutaka kujinyoosha. Umbali huo, kutoka katika kitovu cha kiraka hadi mahali ilipo nguvu, nauita hapa mburuto wa mpira. Upo na mburuto wa pili, utokanao na muundo wa gari. Mhimili ambao gurudumu hugeukia huinamishwa nyuma kidogo kwa upande wa juu, mwinamo ambao mafundi huuita kasta, na kwa sababu hiyo ukiurefusha mhimili huo kwa fikira hadi chini utaikuta ardhi mbele ya kitovu cha kiraka, na gurudumu litaufuata nyuma kama vile vigurudumu vya kitanda cha hospitali vifuatavyo popote kitanda kisukumwapo. Huu nauita mburuto wa mhimili. Nguvu ya upande ikizidishwa kwa jumla ya miburuto hiyo miwili, ndio uzito unaopanda na kurudi mkononi.

Siri ya hisi imo katika tofauti ya tabia za miburuto hiyo. Ule wa mhimili hubaki karibu vilevile kwa muda wote wa kona. Ule wa mpira haukai hivyo: tairi likikaribia mwisho wa uwezo wake wa kushika, sehemu ya nyuma ya kiraka huanza kuteleza, kitovu cha nguvu husogea mbele, na mburuto hupungua kuelekea sufuri, na yote hayo hutokea kabla gari zima halijateleza. Maana yake ni kwamba usukani hupungua uzito kabla ya hatari wala si baada yake. Dalili ya mvua ni mawingu, na wepesi huo wa ghafla ndio wingu la dereva.

Natuchukue hesabu ndogo ili jambo liwe dhahiri. Gurudumu ambalo kitovu chake kiko milimita 300 juu ya ardhi, lenye kasta ya digrii 3, ambayo ni karibu na kiasi ilichopewa Datsun hii kiwandani, lina mburuto wa mhimili wa takriban milimita 16. Tukiukadiria mburuto wa mpira kuwa milimita 30, jumla yake ni 46. Na mpira ukifika ukingoni, zikabaki zile 16 peke yake, basi kwa kila kilo ya nguvu ya upande uzito urudio mkononi utakuwa umeanguka hadi karibu theluthi ya ulivyokuwa. Mkono wowote utalihisi anguko hilo. Sasa mwenye gari akishauriwa kuongeza kasta hadi digrii 6, mburuto wa mhimili utakuwa takriban milimita 31, jumla itakuwa 61, na ukingoni uzito utashuka hadi nusu tu. Usukani umezidi uzito, na gari hushika njia nyoofu kwa uthabiti zaidi, jambo ambalo lina faida yake. Walakini onyo limefifia. Mtu huyo amenunua uzito, na bei aliyolipa ni habari. Simkatazi mtu kuongeza digrii moja au moja na nusu akiona gari lake linatangatanga katika mwendo wa kasi. Namtaka ajue alichokitoa na alichokipokea.

Habari ikishazaliwa ina safari ya kwenda. Hupita katika mkono wa chuma wa gurudumu na vichwa vya tairodi, ikaisukuma raki, ikaigeuza pinioni, ikapanda katika shafti yenye kiungo cha mpira, na mwisho ikafika katika duara lililo mkononi mwa dereva. Katika njia hiyo maadui ni watatu. Wa kwanza ni ulegevu, yaani nafasi tupu ndani ya kiungo kilicholika, ambamo habari ndogo hupotea yote kabla ya kuvuka. Wa pili ni msuguano, ambao hutoza ushuru kila kipitacho, ukabakisha makubwa na kuyameza madogo. Wa tatu ni unyong'onyevu wa mpira uliochoka, ambao hauipotezi habari bali huichelewesha, ikafika wakati haina faida tena. Wenye magari humwogopa adui wa kwanza kwa sababu hugongagonga, humlaumu wa tatu kwa sababu mpira uliopasuka huonekana kwa macho, na yule wa pili, aliye hasidi kuliko wenzake, humwacha akae salama, kwa sababu msuguano hufanana mno na uimara. Usukani mgumu humpendeza mgeni. Huudhania kuwa ni mzima, kumbe umeziba masikio.

Tiba, kwa rai yangu, ianzie ardhini ipande juu, kwa kuwa hakuna faida ya kusafisha mfereji ikiwa chemchemi imekauka. Chemchemi ni matairi. Gari la zamani aghalabu hutembezwa kidogo, hata matairi yake yakabaki na kina cha kutosha ilhali mpira wenyewe umekwisha kukauka na kuwa mgumu kama kwato. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, ili 2319 iwe ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mwenye kuzisoma tarakimu hizo mara nyingi hukuta kwamba ugonjwa alioutafuta katika raki ulikuwa ukimtazama ubavuni. Upepo nao upimwe kabla ya safari, matairi yakiwa baridi, kwa kuwa tofauti ya pauni mbili tatu tu kwa inchi ya mraba hubadili jinsi usukani unavyojibu. Ama matairi mapana, shauku ya kuyavisha gari la tani moja ni kubwa na hasara yake ni kubwa pia, kwa maana huongeza uzito wa kuegesha na huanza kufuata kila mfuo wa barabara. Na yakiletwa pamoja na rimu zilizotokeza nje kuliko zile za asili, kitovu cha kiraka huhama mbali na mhimili wa kugeukia, hata kila breki na kila shimo likapata wenzo wa kuuvuta usukani. Mwenye gari husema usukani wake sasa una uhai. Lakini debe tupu ndilo livumalo.

Baada ya matairi, msuguano. Uchunguzi wake hautaki chombo cha ghali, unataka saburi. Gari linyanyuliwe kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi imara, tairodi zifunguliwe, kisha kila kitu kigeuzwe peke yake kwa mkono: magurudumu kwenye mihimili yake, raki ndani ya nyumba yake, shafti na viungo vyake. Palipo na ugumu, au panapokwama na kuachia, hapo ndipo pa kutibiwa. Katika Datsun, beringi zilizo juu ya miguu ya shokapu hukauka grisi na kushika kutu bila ya kupiga kelele, na kwa sababu gurudumu zima hugeukia hapo, ukavu wake peke yake hutosha kuufanya usukani bubu. Raki nayo ina parafujo ya kuikandamiza kwenye pinioni, iliyowekwa ili kuondoa nafasi ya meno yaliyolika. Fundi mwenye haraka huikaza mpaka usukani uache kucheza, gari likatoka gerejini likiwa na hasara mbili mahali pa moja, kwa kuwa meno hulika zaidi katikati, panapotumika kila siku, na parafujo iliyokazwa kwa ajili ya katikati huikwamisha raki pembeni, ambako meno bado ni mazima. Magari yenye sanduku la usukani mahali pa raki, kama BMW 2002, yana mtihani wa namna yake: sanduku limeundwa libane zaidi magurudumu yakiwa yamenyooka, kwa hiyo marekebisho yafanywe hapo tu, wala si penginepo. Na katika Triumph Spitfire kiungo cha chini cha gurudumu hutaka mafuta mazito ya gia, si grisi. Aliyekitia grisi kwa nia njema amekinyima riziki yake, na kiungo hicho kikikatika gurudumu hulala ubavu. Chombo cha kuzama hakina usukani, wahenga walisema, na hapa neno lao halina tafsiri nyingine.

Ulegevu hutibiwa kwa kubadilisha kilicholika, na juu ya hilo sina la kuongeza ila kwamba vichwa vya tairodi na bolijointi vibadilishwe viwili viwili, kushoto na kulia, ili pande zote mbili ziseme lugha moja. Jambo la bushi ndilo lenye ikhtilafu. Wauzaji husifu bushi za plastiki ngumu kuliko mpira, na ni kweli kwamba zikiwekwa chini ya raki ya Datsun, ambayo imefungwa kwa vipande vya mpira, kule kusitasita baina ya amri na utii hupungua sana. Hapo nami nazisifu, kwa sababu raki haina haja ya kusogea kokote. Lakini gurudumu la mbele la gari hilo huzuiwa lisiende mbele na nyuma kwa fimbo ya chuma iliyoshikwa kwa bushi mbili, na fimbo hiyo haina budi kupinda pembe yake kila gurudumu lipandapo na kushuka. Bushi ngumu zikiwekwa pande zote mbili, fimbo hukosa nafasi ya kuinama, hujikunja yenyewe maelfu ya mara, na imewahi kukatika ghafla gari likiwa katika mwendo. Kwa hiyo waliojifunza kwa hasara hubakiza mpira upande mmoja. Funzo lililomo ni pana kuliko gari hilo: kabla ya kukifanya kitu kigumu, uliza kwanza kazi yake ni kukaa au ni kuinama.

Inayofuata ni alaimenti, na hapa fedha chache huzaa matunda mengi. Magurudumu ya mbele yakielekeana kwa ndani milimita moja au mbili, gari hutulia katika njia nyoofu. Yakitazama nje, huingia kona kwa wepesi lakini hutangatanga, na kutangatanga huko humfanya dereva asahihishe bila kukoma, hata asijue ni habari gani imetoka barabarani na ipi ni kosa la gari. Magurudumu ya nyuma yapimwe pia, kwa maana gari lenye bushi za nyuma zilizolika hujigeuza lenyewe kutoka nyuma, na lawama huangukia usukani usio na hatia. Ama kulishusha gari liwe karibu na ardhi, jambo lipendwalo na vijana kwa uzuri wake, huzitoa tairodi na mikono ya chini katika mwinamo uliokusudiwa na waundaji, na kwa sababu hiyo kila tuta laweza kuugeuza usukani pasipo amri ya mtu. Mwenye kulishusha Datsun na aongeze vipande vya chuma baina ya mguu wa shokapu na mkono wa usukani, ili mwinamo ule urudi. Au, lililo bora, aliache gari lisimame kama lilivyosimama.

Duara la usukani limekuja mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndilo ambalo watu huanza nalo. Duara la milimita 400 likibadilishwa kwa la milimita 350, nguvu inayotakiwa mkononi huzidi kwa sehemu moja katika saba, na habari hubaki ileile. Kinachofaa zaidi ni unene wa kingo na ngozi isiyoteleza, na kuliko hivyo vyote ni namna ya kushika: kushika kwa wepesi, vidole gumba vikiwa nje ya duara, kama walivyojifunza wapitao njia mbovu, kwa maana raki isiyo na msaada hupiga mkono jiwe likipigwa na gurudumu. Mkono uliokaza misuli yake hauwezi kusikia na kuamuru kwa wakati mmoja.

Limebaki swali la magari yaliyozaliwa na msaada wa mafuta au umeme. Kampuni ya Chrysler iliutia msaada wa mafuta katika gari lake la Imperial mwaka 1951, na magari ya spoti yakafuata polepole, hata Porsche 911 haikuupata mpaka toleo la mwaka 1989. Na mwaka 2011 toleo jipya la gari hilohilo likahamia katika umeme. Mazda MX-5, iliyotokea mwaka 1989, iliuzwa ikiwa na msaada wa mafuta na pia bila ya msaada, na wako wanaoung'oa msaada huo ili wapate hisi. Wengi wao hukata mabomba tu na kuyaunganisha, wakashangaa kwamba usukani umekuwa mzito na bado hausemi. Sababu ni kwamba ndani ya raki zimebaki sili za pistoni zinazosugua, na katika pinioni umebaki ule ufito mwembamba ulioundwa ujisokote ili kuifungua vali ya mafuta. Sili zisipotolewa na ufito usipofungwa na fundi aijuaye kazi hiyo, adui wa pili na wa tatu wamekaribishwa nyumbani. Insafu yanitaka niseme pia kwamba msaada wenyewe si dhambi: humwezesha mtu mwenye mikono dhaifu kuegesha na kukwepa, na gari la kisasa humlinda dereva wake kwa njia nyingine nyingi. Lakini gari la zamani halina ulinzi huo. Halina kompyuta ya kuhisi mtelezo kwa niaba yetu, na mlinzi wake mmoja ni yale maongezi baina ya mpira na kiganja; kuyanyamazisha kwa uzembe, au kuyafunika kwa mapambo, ni kumwondolea dereva askari wake wa pekee.

Nausia jambo moja la mwisho juu ya utaratibu. Kitu kimoja kibadilishwe kwa wakati mmoja, na baada ya kila badiliko gari liendeshwe katika njia ileile, yenye kona ileile, kwa mwendo wa adabu usiomhatarisha mpita njia, na kilichosikika kiandikwe. Anayebadilisha vitu vitano kwa siku moja hatajua ni kipi kilichoponya na kipi kilichojeruhi. Safari hiyo ni ndefu, na sehemu kubwa yake ni kusafisha, kutia grisi, kupima na kurudisha, kazi zisizo na fahari ya kuonyeshwa wageni. Lakini itafika jioni ya mvua ya manyunyu, katika kona aliyoizoea mwenye gari, ambapo usukani utampungukia uzito mkononi kwa kiasi cha unyoya, naye atapunguza mwendo kabla hajajua kwa nini, na abiria wake wataendelea na mazungumzo yao bila ya kukatisha neno.